Maradhi Makuu Mawili na Imani ya Watu: Pwani ya Kusini katika 1918 na 2020



Ni desturi ya kitabu chetu cha mwaka kwamba, baada ya hesabu za fedha na orodha ya wenzetu waliotangulia mbele ya haki, hutolewa kurasa chache za habari za kale, ili vijana wapate kujua walikotoka, na wazee wapate kutusahihisha tulipokosea. Mwaka huu Halmashauri imeniagiza mimi, Karani wenu, niandike juu ya maradhi ya kuenea, na jinsi yalivyogeuza fikira za watu wa nchi yetu, tangu Likoni na Diani mpaka Msambweni na Vanga. Sababu ya kuchaguliwa habari hii itaonekana mwisho, maana liko jambo litakaloletwa mbele ya Mkutano Mkuu, nalo lahitaji kufikiriwa kwanza na kila mmoja wetu nyumbani kwake.

Pwani yetu si ngeni kwa maradhi yanayovuka bahari. Ndui iliwajua babu zetu kwa majina. Kipindupindu kilipofika Unguja mwaka 1869 kilikuwa kimetembea njia zile zile za biashara ambazo wafanyabiashara wetu walizitumia. Lakini katika habari zote za namna hii, ziko mbili ambazo zafaa kuwekwa pamoja, kwa kuwa kati yake imepita miaka 102 tu: mafua makuu ya mwaka 1918, na korona ya mwaka 2020. Ya kwanza hakuna aliye hai kati yetu anayeikumbuka. Ya pili sote tuliiona kwa macho yetu.

HALI YA NCHI KABLA YA MAFUA

Ili tufahamu jinsi watu walivyoyapokea mafua, hatuna budi kwanza kutazama walivyokuwa wakiishi na Serikali yao. Wilaya hii wakati ule ikiitwa Vanga. Nchi ilikuwa haijasahau vita vya Sheikh Mbaruk bin Rashid wa Gazi, aliyepigana na Waingereza mwaka 1895, na mwaka 1896 akavuka mpaka kwenda kwa Wajerumani. Mwaka 1914 vita vikuu vya Wazungu vilipoanza, mpaka huo huo ukawa uwanja wa mapigano. Mwezi wa Oktoba mwaka huo majeshi yalipigana Gazi, na Januari 1915 yakapigana tena Jasini, ng'ambo kidogo tu ya Vanga. Watu ambao hawakuwa na ugomvi na Mjerumani wala na Mwingereza walijikuta mashamba yao yamekuwa njia ya askari.

Kisha ukaja uchukuzi. Jeshi la Waingereza halikuwa na barabara wala magari ya kutosha, basi likahitaji vichwa na mabega ya watu. Wanaume wa Kenya walichukuliwa kwa maelfu, na katika mwaka 1917 uchukuaji huo ulikuwa wa nguvu kuliko wakati wowote. Njaa, homa na kuhara viliwaua wapagazi wengi kuliko risasi. Kumbukumbu za Serikali zenyewe zilikiri vifo zaidi ya 40,000 katika Afrika ya Mashariki, na wanahistoria wengi husema kwamba hesabu ya kweli yakaribia 100,000. Jina la Kariakoo, katika Dar es Salaam, na la Kariokor, katika Nairobi, ni mabaki ya neno la Kiingereza lililotaja kikosi hicho.

Kwa hiyo ilipofika mwaka 1918, mtu wa kijijini aliijua Serikali kwa mambo mawili: kodi ya nyumba na kuchukuliwa kwa vijana. Hakuijua kwa dawa. Hili ni jambo la kukumbukwa katika yote yatakayofuata. Isitoshe, mvua zilikosekana mwaka ule, na ghala zilikuwa tupu.

MAFUA MAKUU YA 1918

Maradhi yale yaliitwa na Wazungu mafua ya Spania, ijapokuwa hayakutoka Spania. Nchi zilizokuwa vitani zilikataza magazeti kutaja habari za ugonjwa, na Spania haikuwa vitani. Basi magazeti yake yakasema wazi, na kwa kusema kweli nchi ile ikapata jina baya. Tangu hapo twaona kwamba habari iliyofichwa humgeukia yule aliyeitoa.

Afrika iliyapata mafua kwa njia ya bandari zake. Freetown yalifika Agosti 1918, kisha Cape Town Septemba, na mwezi huo huo wa Septemba yakashuka Mombasa kwa merikebu. Kutoka Mombasa yalipanda reli kwenda bara, na kwa miguu na mashua yakaenea kusini na kaskazini mwa pwani. Hapakuwa na dawa ya kuyaponya popote duniani. Hata kidudu chenyewe kilichoyaleta hakikujulikana; wataalamu wa Uingereza walikitambua kwa binadamu mwaka 1933 tu. Jambo lililowashangaza watu zaidi ni kwamba maradhi yale hayakuchagua wazee na watoto peke yao kama ilivyo kawaida ya mafua. Yaliwaangusha watu wenye nguvu, wa miaka 20 hadi 40, yaani wale wale ambao vita ilikuwa imebakiza.

Katika miaka hii ya karibuni wataalamu wamefungua tena barua na daftari za maofisa wa Jimbo la Pwani za miaka ile, nao waliandika matokeo yao mwaka 2019. Walikuta kwamba vifo katika mwaka 1918 viliongezeka mara 6 kuliko kawaida, na watu waliofika kwenye zahanati na hospitali wakaongezeka mara 3. Walikadiria kwamba mafua yaliua watu 25 katika kila 1,000 kwa mwaka. Wazee wangu, hebu tuiweke hesabu hii katika kipimo chetu. Kijiji chenye watu 400 kilizika watu 10 kwa maradhi haya peke yake, na wengi wao walikuwa wazazi wa watoto wadogo, au vijana waliotegemewa kulima.

Basi yafaa tuulize: hao 10 wa kila kijiji ni nani? Majina yao hayamo katika daftari yoyote. Serikali ilihesabu nyumba kwa ajili ya kodi, nayo ilihesabu wapagazi kwa ajili ya jeshi. Marehemu wa kijijini walikadiriwa tu. Askari na wapagazi wa vita walijengewa sanamu katika Mombasa, Nairobi na Dar es Salaam. Waliokufa kwa mafua hawana hata jiwe. Wanajulikana kwa Mungu, na kwa makaburi ambayo minazi imekwisha kuota juu yake.

YALIYOFUATA

Si haki kusema kwamba mafua peke yake yaligeuza siasa ya nchi. Vita, njaa na maradhi vilikuja pamoja, na mtu aliyefiwa hakuvitenganisha. Lakini tukitazama yaliyotendwa baada ya msiba, twaelewa kwa nini mioyo ilikuwa migumu. Nchi iliyokuwa imezika watu wake haikupewa nafasi ya kupumua. Mwaka 1919 Gavana Northey alitoa waraka wa kuwahimiza maofisa na machifu wawapatie walowezi wafanyakazi. Kipande kikaanza kuvaliwa shingoni. Kodi ikapandishwa. Mwaka 1920 sehemu ya bara ikaitwa Koloni, na pwani yetu ikabaki Himaya chini ya jina la Sultani wa Unguja, bila ya sisi kuulizwa neno.

Miaka miwili haikupita ila watu wakaanza kuunda vyama. Mwaka 1921 Harry Thuku na wenzake walisimama Nairobi kulalamikia kipande, kodi na kazi ya kulazimishwa. Machi 1922 alikamatwa, na watu waliokuja kudai aachiliwe wakapigwa risasi. Mwaka 1921 huo huo Waarabu wa pwani nao waliunda chama chao. Baadaye, katika miaka ya 1930 na 1940, vikaja vyama vya maslahi vya kila kabila na kila mji, vya kuzikana, kusomesha watoto na kupeleka malalamiko kwa Bwana Shauri. Chama chetu ni cha ukoo huo. Watu walipoona kwamba aliye mbali hawaziki, walikubaliana kuzikana wao kwa wao. Huo ndio msingi wa kila chama cha namna hii, na mwanachama asiyeujua huona michango kuwa ni kodi nyingine.

KORONA YAFIKA: KIVUKO CHA LIKONI

Sasa na tuje kwenye habari tulizoziona. Tarehe 13 Machi 2020 Serikali ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona katika Kenya. Baada ya siku 2 shule zikaamriwa kufungwa. Misikiti na makanisa yakafuata, na ndege za abiria kutoka nje zikakomeshwa. Tarehe 27 Machi kafyu ikaanza, kutoka saa 1 ya jioni mpaka saa 11 ya alfajiri.

Kila mtu wa kusini ajua maana ya kivuko cha Likoni wakati wa magharibi. Maelfu ya watu wetu hufanya kazi kisiwani Mombasa na kulala ng'ambo. Siku ile ya kwanza ya kafyu watu walitoka kazini mapema, wakakutana wote kivukoni kwa saa moja, na feri hazikuwatosha. Waliambiwa wasikaribiane, nao walikuwa wamebanwa kama dagaa katika tenga. Kabla ya saa 1 kufika, askari wakawarushia mabomu ya kutoa machozi na kuwapiga kwa marungu. Watu walilazwa chini juu ya lami, bega kwa bega, wakikohoa na kujipangusa nyuso kwa mikono ile ile waliyoambiwa wasijiguse nayo. Tarehe 1 Aprili Rais Uhuru Kenyatta aliwaomba radhi wananchi kwa maovu yaliyotendwa. Shirika la Human Rights Watch lilieleza mwezi ule kwamba katika siku 10 za kwanza za kafyu watu wasiopungua 6 katika Kenya walikufa kwa kupigwa na polisi. Wakati huo waliotangazwa kufa kwa korona nchini bado walikuwa wachache mno.

Hapa ndipo imani ilipovunjika kwa wengi, nami naona ni kwa sababu ile ile ya 1918: mkono wa Serikali uliofika kwanza haukuwa na dawa. Mtu wa Likoni au Ng'ombeni hakuwa na njia ya kukiona kidudu, lakini rungu aliliona. Tena hakuwa mgeni wa marungu. Wengi walikumbuka msako uliofuata machafuko ya Agosti 1997 katika Likoni na Kwale. Hospitali nazo zilikuwa zimewavunja moyo: madaktari wa Serikali waligoma siku 100 kuanzia Desemba 2016, na wauguzi wakagoma miezi 5 katika mwaka 2017. Kwa hiyo neno "kaeni nyumbani kwa ajili ya afya zenu" lilitoka katika kinywa ambacho watu walikuwa wamezoea kukitilia shaka.

Tarehe 8 Aprili wilaya zetu za Kwale, Mombasa na Kilifi zilifungwa, mtu asiingie wala asitoke. Kwale na Kilifi zilikaa hivyo mpaka tarehe 7 Juni, na Mombasa mpaka tarehe 7 Julai. Hoteli za Diani zikafunga milango. Mpishi, mfagizi, mlinzi, mwendesha tuktuk, mwanamke auzaye leso ufuoni, mvuvi aliyekuwa akiuza kamba na pweza kwa hoteli, wote walikosa chumo kwa mara moja. Wako waliorudi mashambani kwao Lunga Lunga na Kinango na kukuta mahindi, na wako ambao hawakuwa na shamba la kurudia.

MPAKA WA LUNGA LUNGA

Jambo moja katika historia hii ni la kwetu peke yetu, wala wa Nairobi hawakulijua kama sisi. Wadigo ni watu wa nchi mbili. Kutoka Vanga hadi Tanga mtu anao wajomba, shangazi na wakwe pande zote. Sasa katika mwaka 2020 Serikali mbili zilisema maneno mawili. Kwetu, kila alasiri Wizara ya Afya ilitangaza hesabu ya wagonjwa na maiti. Tanzania iliacha kutangaza hesabu zake baada ya tarehe 29 Aprili, ikiwa imetaja wagonjwa 509, na mwezi wa Juni Rais John Magufuli alitangaza kwamba nchi yake imeokoka kwa maombi. Mwezi wa Mei Kenya ilifunga mpaka wake na Tanzania isipokuwa kwa malori ya mizigo, na madereva wakapimwa.

Basi ndugu wawili wa tumbo moja wakawa katika hali mbili. Aliye Tanga alikwenda sokoni na harusini. Aliye Lunga Lunga alifungiwa na kukimbizwa usiku. Alipopiga simu kumwuliza nduguye, na nduguye akamwambia kwamba hajaona ugonjwa, alimwamini nani? Alimwamini ndugu. Wala si ujinga, kwani wataalamu wa Kilifi walipochunguza damu iliyotolewa na watu wa Kenya kati ya Aprili na Juni 2020, walikadiria kwamba takriban watu 4 katika kila 100 walikuwa wamekwisha kupatwa na kidudu kile, na wengi wao hawakujua. Nchi yetu ni ya vijana, na kijana mara nyingi yalimpita kama mafua ya kawaida. Lakini yalipomfika mzee mwenye kisukari au shinikizo la damu, hayakumpita.

Mambo yaligeuka pande zote mbili. Rais Magufuli alifariki tarehe 17 Machi 2021. Aliyemfuata, Rais Samia Suluhu Hassan, aliunda kamati ya wataalamu, na Julai 2021 akachanjwa hadharani mbele ya wananchi wake. Katika Kenya hesabu za Serikali mwishowe zilipita vifo 5,600. Waliosema kwamba hakuna ugonjwa walikosea, na waliosema kwamba rungu ni dawa walikosea vile vile.

FEDHA, CHANJO NA KURA

Imani haikuvunjwa na askari tu. Agosti 2020, watu wakiwa bado wanahesabu vidonge vyao vya mwisho, zilifumuka habari za ununuzi wa vifaa vya korona katika shirika la Serikali la dawa, KEMSA. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu alitaja shilingi bilioni 7.8 zilizotumiwa kinyume cha taratibu. Neno hilo liliingia vijijini upesi kuliko barakoa. Mzee aliyekuwa akinawa mikono kwa utii katika mtungi wa mlangoni alisema: kumbe sisi twaoga, wao walikuwa wakila.

Chanjo zilipofika mwanzo wa Machi 2021, zaidi ya dozi milioni 1, zilikuta shaka imekwisha kuota mizizi. Palienea maneno kwamba zilikusudiwa kukata uzazi, na maneno hayo yalipitishwa kwa simu na watu wazima wenye heshima zao, wakiwamo wanachama wetu. Mwezi wa Novemba Serikali ikatangaza kwamba kuanzia tarehe 21 Desemba asiyechanjwa atanyimwa huduma zake. Mahakama Kuu ikasimamisha amri hiyo. Kwa mara nyingine walitumia nguvu mahali pa kueleza. Nimewaona kwa macho yangu wazee waliokataa amri, kisha wakachanjwa kwa hiari baada ya muuguzi, binti wa kijiji kile kile, kukaa nao juu ya mkeka na kujibu kila swali.

Ama kwa habari ya siasa, katika uchaguzi wa Agosti 2022 waliopiga kura katika Kenya nzima walikuwa kama 65 katika kila 100 walioandikishwa, na mwaka 2017 walikuwa kama 79. Sababu zilikuwa nyingi, na hali ngumu ya maisha ni moja kubwa. Lakini yeyote aliyekaa barazani mwaka ule alisikia sauti za vijana wakisema kwamba, wapige wasipige, ni mamoja. Sauti hiyo ni hatari kuliko hasira. Mwenye hasira huja mkutanoni. Aliyekata tamaa hukaa kwake.

MAZIKO NA UDUGU

Nimeweka mwisho jambo lililoumiza zaidi. Kwetu, mtu hapimwi kwa mali yake, bali kwa wingi wa watu katika hanga lake. Katika mwaka 2020 waombolezaji waliwekewa kikomo cha watu 15, na maziko yakafanywa kwa haraka, wakati mwingine na watu wasiojulikana waliovaa mavazi meupe ya kujikinga. Jamaa walizuiwa kuosha maiti wao. Hitima zilisomwa kwa watu wachache au hazikusomwa kabisa. Misikiti ilipofunguliwa mwezi wa Julai kwa watu wasiozidi 100 na kwa muda wa saa moja, waliozidi miaka 58 waliambiwa wakae nyumbani. Mzee aliyekuwa na nafasi yake katika safu ya kwanza kwa miaka 40 alisimama barazani kwake akisikia adhana. Na Hija ya mwaka ule ilifungwa kwa watu wote wa nje, hata aliyekuwa amekwisha kuweka akiba yake.

Hapa yanipasa kusema habari ya Chama chetu, nami nasema kwa idhini ya Mwenyekiti, na kwa idhini ya mwenyewe inayemhusu.

Mwezi wa Mei 2020 alifariki mmoja wa wanachama wetu wa zamani. Hakufa kwa korona. Alikuwa mgonjwa wa figo kwa miaka. Halmashauri iliogopa, nami nikaandika barua ya kusema kwamba, kwa kufuata amri, Chama hakitapeleka wajumbe, bali kitatuma fedha za maziko kwa simu. Amri iliruhusu watu 15. Sisi hatukupeleka hata mmoja. Fedha zilifika siku ile ile, kamili, na katika taarifa ya mwaka ule niliandika kwa kujisifu kwamba Chama kilitimiza wajibu wake.

Mwaka uliofuata, mjane wake alikuja ofisini amefunga zile fedha katika kipande cha leso.

Nikamwambia, "Shikamuu, mama."

Akajibu, "Marahaba, mwanangu. Nimekuja kurudisha amana yenu."

Nikamwambia kwamba si amana, ni haki ya marehemu, aliichangia miaka 31.

Akasema, "Mwenzangu hakuchangia fedha. Alichangia watu. Kila mlipofiwa alikwenda, kwa miguu, mpaka Kinondo, mpaka Muhaka. Siku yake, fedha niliziona. Watu sikuwaona."

Akaziweka juu ya meza, akaenda zake. Nilibaki na daftari yangu iliyokuwa sahihi kila mstari, wala haikuwa na kosa la senti moja. Fedha hizo bado zimo katika sanduku la Chama, nazo zimeandikwa katika hesabu za kila mwaka tangu wakati ule kama fedha zisizo na mwenyewe. Wanachama mlioniuliza maana ya mstari ule, hii ndiyo maana yake.

JAMBO LA KULETWA MKUTANONI

Nimesimulia habari za Serikali na mabaya yake, na kila neno ni kweli. Lakini tusimalize kurasa hizi tukiwa tumewahukumu wengine tu. Katika mwaka 2021 wanachama 23 waliacha kulipa michango, na Halmashauri ililaumu ukosefu wa kazi Diani. Sasa naona kwamba sehemu ya sababu ilikuwa sisi wenyewe. Tulifanya kosa lile lile tulilolilaumu: tulituma amri mahali pa kufika, na tukadhani hesabu iliyo sawa yatosha.

Maradhi mengine yatakuja. Bahari haijafungwa, wala uwanja wa ndege wa Ukunda. Siku hiyo watu hawatauliza nani ana cheo. Watauliza ni nani aliyewaambia kweli mara ya mwisho, na ni nani aliyekuja. Imani hiyo haipatikani siku ya msiba. Huwekwa kidogo kidogo siku za afya, kama akiba.

Kwa hiyo Halmashauri inaleta mbele ya Mkutano Mkuu maazimio 4, nayo yanahitaji kura zenu.

La kwanza, kwamba katika hali yoyote ambayo sheria yaruhusu japo mtu mmoja kufika mazikoni, Chama kitapeleka mtu huyo, na Halmashauri itajipanga zamu, kuanzia Mwenyekiti.

La pili, kwamba kifunguliwe Kitabu cha Marehemu, ambamo jina la kila anayefariki katika vijiji vyetu litaandikwa pamoja na ugonjwa wake kama jamaa wakikubali, mwanachama na asiye mwanachama, ili wajukuu wetu wasibaki na makadirio kama sisi tulivyobaki na ya 1918.

La tatu, kwamba kila robo ya mwaka hesabu za Chama zisomwe kwa sauti barazani, na mwanachama yeyote awe na ruhusa ya kuuliza risiti.

La nne, kwamba kila mwaka Chama kimwalike muuguzi au mganga wa zahanati iliyo karibu akae nasi ajibu maswali, kukiwa hakuna ugonjwa wowote, ili siku ya ugonjwa uso wake uwe umekwisha kujulikana.

Ama zile fedha zilizo sandukuni, si za kupigiwa kura. Nilipomwendea yule mama mwezi uliopita kuomba idhini ya kuandika habari hii, nilikwenda pamoja na wazee 6 wa Halmashauri, tukakaa naye tangu alasiri hata magharibi, na dua ya marehemu ikasomwa, miaka mingi baada ya wakati wake. Hakuzungumza juu ya fedha, wala sisi hatukuzitaja. Tulipoaga, aliuliza Mkutano Mkuu utakuwa lini. Nilimwambia tarehe. Akasema, akijaliwa, atakuja.

Ni mimi mtumishi wenu,
KARANI WA CHAMA